Goli Langu la Area 25

Dzaleka, Jumamosi, Juni 1996

Baridi kali, upepo unachapa mabati tangu asubuhi. Nina hasira. Sijala, na sitaki mtu aje kunipa pole.

Timu yetu tunaiita Zaïre. Ni wanawake wa hapa kambini, wakimbizi wa Bukavu na wa Kindu, tunacheza miguu mitupu. Nyumbani sikuwahi kusikia timu ya taifa ya wanawake, basi taifa ni sisi. Rekodi yetu ya kimataifa ni aibu tupu. Warundi wametufunga, Wanyarwanda wametufunga, Wamalawi wa Area 25, mtaa wa Lilongwe, wametufunga na kutucheka juu yake.

Hatujawahi kumshinda mtu.

Leo tulirudi Area 25, kwao. Nikafunga goli. Mimi! Kwa kichwa, mpira wa kona. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Wakati wa mapumziko kocha wetu, Shemasi Déo, alikwenda kusalimia wakubwa wa pale. Akarudi na uso wa ibada.

"Bamama, sisi tuko bageni hapa. Tukibafunga kwabo, mbele ya bakubwa babo, batatuchukia. Mubaachie."

"Mi siachie mutu!" nikamjibu. Akanitoa uwanjani.

Mwajuma, kipa wetu, anauza vitenge katika soko la Area 25. Aliogopa biashara yake. Kipindi cha kwanza alidaka kila kitu. Kipindi cha pili mpira unakuja kushoto, yeye anaruka kulia. Tukafungwa mbili moja. Najua ana watoto wa kulisha. Bado nimemkasirikia.

Kipenga kilipolia nilimpa nahodha wao mkono. Akaukataa. Akaniambia kwa Kichewa kwamba wao si watoto wadogo wa kuachiwa, na tusirudi tena. Alikuwa na machozi. Shemasi hata hakumwona. Alikuwa anawainamia wazee, zikomo, zikomo, asante kwa lugha yao, anacheka.

Mjinga yule. Tumepoteza mechi, na hao aliotaka watupende hawataki kutuona.

Najua atakachofanya. Kesho, baada ya mahubiri, atasoma matangazo na kusema kwa upole kwamba akina mama wamefungwa tena, tuwaombee.

Nitasimama palepale, mbele ya mke wake na wanakwaya wote. Nitasema hatukufungwa.

Tuliuzwa.