Sweta la Aneti na ndege za matajiri

Yusta, leo nimeumbuka mbele ya darasa zima la jioni, na fundi wa ndege mgeni kakaa mbele kabisa!

Nimebeba mfuko wa nepi badala ya ule wa michoro! Michoro yangu ya ndege za matajiri imebaki nyumbani Soni, na leo ndiyo fundi huyo anachagua mmoja wa kwenda chuo cha mafundi wa ndege.

Basi nikatoa mfukoni humo sweta la Aneti. "Shikamoo. Ndege ya kwanza ya ukoo huu ilikuwa fupi. Watengenezaji hawakuitupa, wakarefusha kiwiliwili ikawa ya pili, kama nilivyoongezea kufuma hapa mwanangu alipokua. Ya tatu wakabadilisha injini, kama nilivyobadilisha mikono hii ya sweta."

Sweta, Yusta! SWETA! Walicheka hao!

Fundi akaligeuzageuza. "Mama Aneti, chuoni uje. Na sweta uje nalo."

Nimechaguliwa! Na mwenye sweta anakoroma mgongoni.