Baa ya Vitabu, kwa Mlango wa Mbele

Jumatatu, 3 Agosti 1959
Nimekamua. Nimepeleka maziwa Nakuru, kwa ile baa ya wazungu yenye vitabu ukutani na picha za watunga mashairi waliokufa. Wamenipokea jikoni, kama kila siku. Nimechoka na jikoni. Jioni nimewaambia wazee hapa Bahati: Jumamosi naingia kwa mlango wa mbele, nakaa, nakunywa. Chepkwony, wa rika langu, alicheka mpaka akakohoa. Akasema nisipokunywa, yeye ndiye atafungua maneno, badala yangu mimi baba, tukienda kumposea kijana wangu. Nimekubali. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 5
Mpishi wa baa ameniambia desturi yao. Mgeni mpya husimama, anasoma shairi kwa sauti, ndipo anamiminiwa. Hakuna shida. Kusoma najua. Nimesomea mama watoto wimbo wa kanisa. Amesema nimeruka mistari. Simwongeleshi.

Ijumaa, 7
Usingizi hakuna. Ng'ombe amepiga ndoo teke. Nimemtukana, yeye na mama yake.

Jumamosi, 8
Nimeingia. Kijana mmoja mzungu akaniambia jikoni ni nyuma. Nikasimama tu. Memsahib mwenye baa, mzee kama mimi, akanipa kitabu. Kizungu. Herufi ni zile zile, neno hata moja silijui. Nikakifunga. Nikamsifu Samo, fahali wangu aliyekufa, kwa lugha ya kwetu, na miguu nikapiga. Pembe zake. Vile alivuka mto umejaa, ng'ombe zote nyuma yake. Chupa zilitetemeka. Hakuna mzungu pale angeweza.

Memsahib akamimina bia. Nyeusi, vuguvugu kama maziwa ya kukamuliwa. Kisha akasema polepole, "Mzee, kunywa nje kwa baraza. Hapa ndani wateja watakataa."

Nikamwambia, "Basi baraza inywe yenyewe."

Nikaiacha kwa kaunta. Nimetembea mpaka nyumbani. Hasira. Koo kavu.

Jumapili, 9
Wazee wameuliza. Hakuna aliyeniona, ningesema nimekunywa tatu. Kujisifu najisifu, lakini ile bia sikuinywa. Nikasema hivyo, na vile nilimsifu fahali. Chepkwony hakucheka. Aliuliza kama fahali mwenyewe ni yule Samo. Nikasema ndiye.

Jumamosi, 15
Tumetoka kuposa. Chepkwony alifungua maneno. Mimi nilinyamaza, mikono kwa fimbo. Msichana tumepewa. Chepkwony aliongea vizuri. Si kama mimi, lakini vizuri.