Tulivyompima Haron kwenye Milima ya Chokaa

S.L.P. 61,
Riruta,
Nairobi.
14 Agosti, 1972

Mpendwa kaka Zedekiah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini huko Tabora mko salama, kifua chako kimetulia, na kazi ya reli haijakuzeesha kabla ya wakati. Wifi Rael anaendeleaje na miguu yake? Sisi tuko hai, na baridi ya Agosti imetubana vilivyo. Usicheke herufi zangu. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta, na kwa nini umefungwa utasoma hapa chini.

Biashara ya samaki inakwenda. Wateja wa Riruta ni wale wale, wanasema omena wananuka huku wanaongeza kikombe cha pili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Uliniagiza nimchunguze Haron, huyu kijana anayetaka kumwoa binti yako Philister, kabla watu wake hawajaja kwako Desemba na mahari. Uliandika swali moja ukalipigia mstari: je, anapiga? Nilijua umemkumbuka dada yetu Peres, na siku mumewe alipoturudishia mwili wake. Mimi nami sijasahau.

Mtu humjui mpaka usafiri naye. Haron ni karani katika ofisi moja ya Hurlingham, na Jumamosi zake huzimaliza akipanda milima na kutazama ndege kwa darubini. Nikamwambia nami nataka kupanda. Aliutazama mwili wangu huu, akawa na adabu ya kutocheka. Hapo nikampa alama ya kwanza.

Tulikwenda kwenye milima ya mawe ya chokaa, mbali kupita Kajiado. Tulikuwa watano: mimi, Philister, Haron, kaka yake mkubwa Jamleck mwenye pikapu na nyumba za kupangisha, na Wamucii, mke wa Jamleck, mwanamke mwembamba asiyesema sana.

Kaka, milima ile ni mizuri, sikudanganyi. Ni myeupe kana kwamba mtu ameimwagia unga. Mvua imeyala mawe mpaka yamekuwa na meno, ukiteleza unachunika. Pimbi wanaota jua, mishubiri imechanua maua mekundu, na chini kuna mapango yanayopuliza ubaridi. Haron alinikatia fimbo ya kutembelea, akanibebea kikapu, akamshika Philister mkono kila palipokuwa pabaya. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuandika barua nyingine kabisa, ya kukuambia upokee ng'ombe.

Huko juu tukakaa kula. Mimi sikugusa chakula, maana unajua ukwe una heshima yake, huwezi kutafuna mbele ya watu wanaokuja kuoa kwako. Nikakaa na njaa yangu, mikono mapajani. Wamucii akainuka kumimina chai, na ile chupa ya chai ikamponyoka, ikapasukia kwenye mawe.

Jamleck aliinuka. Alimpiga kofi lililomwangusha. Akampiga teke la mbavu, kisha la pili, akamkamata kwa kitambaa cha kichwani na kumburuta kwenye yale mawe yenye meno. Damu nyekundu juu ya jiwe jeupe, kaka, ni kitu kibaya sana kukiona. Wamucii hakupiga hata kelele. Alijikunja tu na kufunika uso, akionyesha ameshazoea.

Philister akapiga ukelele. "Haron! Mshike kaka yako!"

Haron alikuwa amegeuka kutazama bonde. "Wachana nao, Philister," akasema polepole. "Hiyo ni maneno ya bwana na bibi yake." Kisha akainua darubini akaiweka machoni. Nilimwona mwenyewe.

Nami je? Nilishikwa na mila. Kwetu, kumpiga mkwe ni kujitafutia laana, na hilo sote tulifundishwa tukiwa wadogo. Nikakaa pale, fimbo mkononi. Halafu ikanijia: mkwe gani? Ng'ombe hata mmoja hajaingia bomani kwa Zedekiah! Huyu bado ni mtu baki. Nikasimama na kumshushia Jamleck fimbo mgongoni kwa nguvu zangu zote, nikamwongeza ya pili shingoni, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Toka hapa, wewe mama! Hii ni bibi yangu!" Akanisukuma, nikaangukia mkono, nikausikia ukivunjika. Akanyanyua guu anikanyage. Philister akaokota jiwe akamtupia, likampata juu ya sikio. Jamleck akayumba, akadondoka kwenye ufa kati ya mawe, na mguu wake ukachanika mpaka mfupa ukaonekana.

Aliyemfunga jeraha ni Wamucii, kwa kitambaa kile kile alichoburutwa nacho. Alikaza mpaka mumewe akalia kama mtoto, na sidhani ilibidi kukaza kiasi kile.

Haron alimbeba kaka yake mpaka kwenye pikapu, akaendesha yeye. Karibu na Dagoretti akaniambia, "Mama, mimi sijawahi kupiga mtu tangu nizaliwe." Namwamini. Kisha akamgeukia Philister, akamwomba aende kumtaka Jamleck radhi, ili safari ya Desemba isiharibike. Philister akavua saa aliyopewa naye, akaiweka juu ya dashibodi. Tangu siku hiyo analia, maana anampenda, lakini ameniambia niandike hivi: baba asipokee.

Kaka, uliniuliza kama Haron anapiga. Hapigi. Hata kuku hawezi kuchinja. Lakini kumbuka, Peres wetu alipigwa na mtu mmoja tu. Shemeji zake wote walikuwa watu wapole, na usiku ule walikuwa chumba cha pili.

Nisalimie wifi Rael, na mwanao Nashon, mwambie aache sigara. Philister anakusalimu. Wamucii naye anakusalimu, ingawa hakujui. Yuko hapa kwangu, mbavu zimefungwa, na kila Jamleck akija kugonga kwa magongo yake, mlango naufungua mimi, na fimbo ya Haron ninayo bado.

Mungu awatunze, awape usingizi usio na kelele.

Ni mimi dada yako akupendaye, kwa mkono mmoja uliobaki,
Ajwang