Tufaha Lililobaki la Mti wa Yefim

Kaka Yefim,

Sisi huku wazima. Theluji imefika dirishani, na mbuzi kazaa mapacha.

Ule mti wako wa matufaha, uliouotesha kwa mbegu ukaulea miaka kumi, haukufa kwa baridi kama nilivyokuandikia. Niliukata mimi. Oktoba ulizaa kwa mara ya kwanza, nikamwonjesha jirani yetu Akulina, akatema.

"Shoga, hili tufaha au jiwe? Kaka yako ana ugomvi na meno yetu?"

Nikaona haya mbele yake. Mti nikaufanya kuni, matufaha yake machache nikayashusha kwenye shimo la viazi, yawe ya mbuzi. Mimi, binti wa baba aliyetuchapa vidole tukionja tufaha la baridi, lile gumu linaloivia shimoni, kabla ya Februari!

Jana nilifuata viazi, harufu ikanipokea ngazini. Yamekuwa ya manjano, matamu, maji tele. Akulina alikula mawili, mengine nikala mimi.

Mbegu hazitaurudisha mti uleule, ulinifundisha mwenyewe. Kijiti cha kupandikiza kwenye mti mwingine sikubakiza. Nimebakiza tufaha moja, nakutumia. Ukishalionja, nakuomba usiniambie lilivyo.

Dada yako,
Glafira