Kwa Nini Sikubaki Ufaransa

Mtaa wa Sita,
La Rochelle,
Johannesburg.

Jumapili, 14 Oktoba 2018

Mpendwa Mjomba Théodore,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama Murielle na wote waliomo nyumbani humo Kalemie. Habari ya goti? Firmin ameniambia kwamba sasa unakwenda kanisani kwa fimbo, na kwamba unamgombeza kila anayetaka kukushika mkono. Nilicheka, nikajua bado ni wewe yule yule. Mvua zimeanza? Mama Murielle amepanda mihogo mwaka huu?

Sisi huku tu wazima. Denise anasuka kutwa nzima pale saluni Rosettenville. Mgongo unamsumbua, lakini wateja hawamwishi. Sagesse ametimiza miaka saba. Kiswahili anakisikia chote, ila anakujibu kwa Kizulu, na ukimkemea anakukemea kwa Kiingereza.

Salamu zangu zinaishia hapo, Mjomba, kwa sababu nina hasira, na hasira hiyo ni juu yako. Sikupigi simu maana mara ya mwisho hukuniacha nimalize sentensi moja. Barua huwezi kuikata kauli. Firmin anapanda basi la Lubumbashi siku ya Alhamisi, na ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Ile sauti uliyoituma kwenye kundi la familia niliisikiliza nikiwa mezani na mke wangu na mtoto wangu. Ulisema, "Placide amefikishwa Ulaya bila kutoa jasho, na amerudi kwa miguu yake mwenyewe. Huyo hana akili ya ukoo wetu." Watu wote wa ukoo walisikia. Wengine wakaweka vicheko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kilichonipata huko. Basi nakueleza mwenyewe.

Unajua kazi yangu: natengeneza baiskeli katika karakana ya Ameir, yule Mzanzibari, hapa Doornfontein. Kuna kampuni moja ya matembezi ambayo baiskeli zake zote tulikuwa tunazihudumia sisi. Mwaka huu walipanga kuwapeleka watu kumi na wawili kuendesha baiskeli za milimani huko kusini mwa Ufaransa, kwenye milima ya Cévennes, siku nane. Walihitaji fundi anayejua Kifaransa. Hawakuwa na mwingine. Viza ikatoka, nikafunga spana zangu.

Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Naudé, mzungu wa Pretoria mwenye jina la Kifaransa na asiyejua neno la Kifaransa. Uwanja wa ndege hapa Johannesburg, mbele ya wasafiri wote, akaninyooshea mkono: "Passport yako, nikutunzie." Nilidhani anakusanya za watu wote. Nikampa. Tulipotua Lyon alinirudishia nilipofika dirishani kugongwa muhuri, na muhuri haujakauka akaichukua tena. Siku ya pili nikiwa napanga baiskeli nikaona kila mtu ana pasipoti yake kiunoni. Ya kwangu peke yangu ndiyo iliyokuwa katika mkoba wa Naudé.

Nilimfuata. Nilimuuliza kwa adabu, kama ulivyotufundisha. Akasema bila kunitazama, huku anapaka siagi mkate, "Usichukie. Kampuni ndiyo iliyokudhamini ubalozini. Watu wa kwenu wakifika huku hawarudi." Nikamwambia nina mke na mtoto Johannesburg, na nina ukaazi wa kudumu. Akasema, "Wote wana mke na mtoto."

Mjomba, nilikuwa na miaka thelathini na minne siku ile, na nilisimama pale kama mwanafunzi aliyenyang'anywa kalamu.

Sitaki udhani nchi ile ilikuwa mbaya. Ile nchi ni nzuri, na hilo liliniongezea uchungu. Tulipita njia nyembamba za zamani, zilizojengwa kwa mawe kwa ajili ya nyumbu waliobeba chumvi na hariri. Mawe yamelainishwa na kwato hata tairi zinateleza. Kuna madaraja ya upinde yasiyo na tone la saruji, na vijiji vya nyumba za mawe meusi, na kila kijiji kina birika kubwa lenye paa ambamo wanawake walikuwa wakifulia. Misitu yote ni ya mti mmoja unaozaa karanga kubwa zenye miiba. Zamani maskini walizisaga wakala badala ya ngano. Mimi nilikuwa nyuma ya msafara siku zote, ndiyo nafasi ya fundi. Kwenye miteremko nilikuwa nasikia breki za wenzangu zikilia mbele yangu, moja baada ya nyingine, nami nikisahau kidogo.

Siku ya nne tuliingia katika nyumba ya makumbusho ya Waprotestanti wa milima ile. Mama aliyetutembeza alisema Kifaransa, mimi nikatafsiri. Alieleza kwamba zaidi ya miaka mia tatu iliyopita mfalme aliwakataza dini yao, na pia akawakataza kuondoka nchini. Waliokamatwa wakitorokea mipakani walifungwa minyororo wakapigishwa makasia kwenye meli za mfalme hadi kufa. Waliofanikiwa wakaenda Uholanzi, na wengine wakapelekwa Rasi ya Afrika Kusini. Mama yule akatumia neno réfugiés. Nikalitafsiri kwa mdomo wangu: wakimbizi. Naudé akaona jina la ukoo wake ukutani, akavua kofia, akalia. Alilia kweli, mabega yakitikisika, na wenzake wakamkumbatia. Mkoba wenye pasipoti yangu ulikuwa mgongoni mwake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana ningebaki ningesema neno la kunifukuzisha kazi.

Kesho yake ndipo balaa lilipotokea. Katika msafara kulikuwa na Mkenya mmoja, Wamaitha, anayefanya kazi benki na kukaa Kensington, hapa hapa Johannesburg. Ndiye pekee niliyezungumza naye Kiswahili. Kwenye mteremko mkali gurudumu lake la mbele lilinasa kati ya mawe mawili, akaruka juu ya usukani, akaangukia chini ya ukuta. Nilipofika alikuwa amekaa anatazama mguu wake. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi.

Naudé na wengine walikuwa mbele kabisa, bondeni, na simu zao hazishiki. Nilimwekea pampu upande mmoja wa mguu na tawi upande wa pili, nikafunga kwa tyubu tatu za akiba. Alipiga kelele mara moja tu. Kisha akanishika ukosi: "Wee Placide, usiniache na hawa watu. Mimi sijui hata neno moja la Kifaransa."

"Sikuachi," nikamwambia.

Nilimbeba mgongoni. Hata sijui kwa muda gani. Tulifika kwenye shamba la bibi mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, naye bila kuuliza habari nyingi akafunga tela kwenye trekta, akatandika nyasi, akatupeleka hadi barabara ya lami. Zimamoto, ambao huko ndio hubeba majeruhi, wakatuchukua hadi hospitali. Mimi ndiye niliyewaeleza madaktari kila kitu, na ndiye niliyemweleza Wamaitha watakachomfanyia.

Alipokwisha kuingizwa chumba cha upasuaji wakaja gendarmes wawili, polisi wa vijijini huko, kuandika taarifa ya ajali. Wakaniomba hati. Nikasema pasipoti yangu anayo kiongozi wa msafara. Yule kijana wao akatabasamu: "Wote husema hivyo." Nikawapa namba ya Naudé, haikupatikana. Basi wakanichukua. Nilipitishwa katikati ya ukumbi wa wagonjwa, nguo zimejaa damu ya mtu niliyembeba, polisi kulia na kushoto, na watoto wakivutwa kando na mama zao.

Nilikaa kwenye benchi la kituo saa tatu nzima. Hawakunipiga, hawakunitukana, walinipa hata kahawa. Lakini nilikuwa nawaza: Wamaitha akiamka ataniita, na mimi nilimwambia simwachi.

Naudé alifika jua likikaribia kuzama, anachekacheka, pasipoti yangu mkononi. Akasema kwa Kiingereza, "Waambie uliisahau hotelini. Tafsiri."

Nilimtazama. Yule gendarme mkubwa, mzee mwenye miwani, akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikajibu kwa Kifaransa ulichotufundisha wewe, kila neno mahali pake: "Bwana huyu anasema niseme kwamba niliisahau hotelini. Si kweli. Aliichukua mkononi mwangu Johannesburg, na Lyon akaichukua tena, kwa sababu anaamini nitatoroka. Pasipoti za wengine hakuzichukua."

Mzee yule akaitwaa pasipoti kutoka mkononi mwa Naudé, akaifungua, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Akanikabidhi mwenyewe. Kisha akamgeukia Naudé akasema polepole, nami nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza: "Pasipoti ya mtu mzima hukai nayo wewe. Ukirudia katika wilaya yangu, utakaa kwenye benchi hilo hilo." Naudé akawa mwekundu hadi masikioni.

Ndani ya gari akaniambia, "Umenidhalilisha." Nikamwambia mimi nimetafsiri tu, kama nilivyoajiriwa. Kisha nikamtaka anishushe hospitali. Wamaitha alikuwa ameamka. Aliponiona alifunika uso kwa shuka, akalia kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Siku zilizobaki nilifanya kazi yangu. Nilikaza minyororo yao, nikabadilisha breki, sikumkosea mtu. Wawili kati ya wale wasafiri walikuja kuniomba radhi faraghani. Mbele ya wengine hawakusema kitu.

Na sasa, Mjomba, nafika kwenye sehemu yako.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege Lyon, nikamkuta Thierry, yule mpwa wako mwingine, ananisubiri mlangoni na koti la baridi na ufunguo wa gari. "Mjomba alishapanga tangu kabla hujapata viza," akasema. "Acha mizigo, twende." Mimi sikuambiwa chochote! Mlipanga maisha yangu kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Nikamuuliza, "Denise je?" Akasema, "Atakufuata." Nikamuuliza, "Lini?" Akaugeuzageuza ule ufunguo mkononi. Thierry ana miaka saba huko, Mjomba, hana karatasi, anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, na baba yake alipozikwa aliona jeneza kwenye simu. Hilo hakulisema kwenye kundi la familia. Kwangu alilisema, akiwa ameshika koti lile, na macho yalikuwa mekundu.

Niligeuza shingo nikamwona Naudé. Amesimama mbali kidogo, mikono kifuani, anatuangalia. Alikuwa anangoja nitoroke. Nilisikia aibu ambayo hata kule kituoni sikuisikia. Wewe na mtu yule hamjawahi kuonana, lakini kuhusu mimi mlikuwa mmekwishapatana.

Nilimkumbatia Thierry, nikapita kwenye ukaguzi na pasipoti yangu mwenyewe, nikapanda ndege. Sikurudi ili kumfurahisha Naudé. Nilirudi kwa sababu Denise alikuwa ananingoja, na Sagesse, na karakana ambayo kazi zake zinajulikana kwa jina langu. Huku napo kuna wanaotuita makwerekwere na kutuambia turudi kwetu. Silisahau hilo, na usinikumbushe. Lakini mahali pa kuishi nachagua mimi.

Mambo hayakwisha. Wiki mbili zilizopita kampuni ile iliniita ofisini, wakaniwekea karatasi: nikiri kwamba pasipoti niliiacha hotelini kwa uzembe wangu. Nikitia sahihi, mwakani ninakwenda nao Italia. Nilisoma mara mbili, nikairudisha mezani tupu. Baada ya siku tatu lori likaja Doornfontein kuchukua baiskeli zao zote. Ameir alisimama mlangoni akitazama zikipakiwa, nami nikijua kwamba nusu ya kazi ya karakana inaondoka kwa sababu yangu. Nikafikiri atanifukuza. Akasema, "Wamesahau pampu yao moja. Mwambie aje kuichukua huyo Naudé mwenyewe." Eish, Mjomba, nilicheka hadi nikakaa chini.

Wamaitha anatembea kwa magongo. Ameandika kila kitu kwa mkono wake na kumpelekea wakili, nami nimetia sahihi yangu chini ya maneno hayo. Hatujui yatakwishaje. Kama yatakwisha vibaya, basi yatakwisha nikiwa nimesema kweli.

Msalimie sana Mama Murielle, umwambie dawa ya mgongo aliyomtumia Denise imesaidia. Msalimie kaka yangu, Yaya Évariste, na watoto wake, na Bibi wa jirani kama bado yupo hai. Thierry nitamwandikia mwenyewe, usimgombeze. Mungu akutunze, akupe nguvu ya goti na moyo wa kunisikiliza.

Mwezi wa saba tutakuja Kalemie, mimi, Denise na Sagesse. Mtoto anataka kumwona mzee anayenipigia kelele kwenye simu. Tutakaa wiki tatu, tutakula samaki wa Mama Murielle hadi tuchoke, halafu tutarudi kwetu. Watu wakikuuliza kwa nini hatubaki, safari hii uwajibu wewe.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda pamoja na hasira zangu zote,

Placide