Kifudifudi na Sindano za Taya

Tarehe 4 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami nimeamka mdomo umekwenda upande.

Shoga, ni zile sindano za urembo za kupunguza taya! Wiki jana muuguzi aliniambia, "Mama, leo usilale kifudifudi, dawa itahama." Nikafika nyumbani, nikalala kifudifudi kumshukuru Mungu. Saa nzima, shoga. Saa nzima!

Jioni hii kwenye darasa letu la watu wazima yule dereva ninayekaa naye dawati moja kaniuliza, "Mama, umetabasamu nusu, nusu nyingine umemwekea nani?" Wakacheka. Nimechoka hata kukasirika.

Mwalimu akanishauri niahirishe mtihani wa Ijumaa wa kusoma kwa sauti, miezi mitatu, mpaka nguvu ya sindano iishe.

Shule nimeiahirisha miaka arobaini. Nikasimama mbele ya darasa zima, nikasema, "Mwalimu, Ijumaa nitasoma, kwa mdomo huuhuu."