Foto ya Baba Mbele ya Ukuta

Dzaleka, Malawi, tarehe 17 Machi 2013

Kwako mdogo wangu mpenzi Bora,

Nakusalimia katika jina la Bwana aliyekulinda mpaka leo. Uko namna gani? Mama mdogo Nadège naye, miguu ingali inamvimba jioni? Na kile kikohozi chako cha wakati wa mvua, kilikuachilia? Redio inasema mapigano yamerudi upande wa Fizi, na kila nikisikia hivyo silali mpaka nipate neno lenu kutoka Uvira. Ukituuliza sisi habari, nitakujibu, lakini uniache nianzie mbali kidogo. Barua hii ni ya ile foto uliyoomba, na habari ya foto hiyo haikuwa fupi.

Mwezi wa kumi na mbili uliniandikia kwamba sauti ya baba unaijua kwa simu, hata namna anavyoguna unaijua, lakini sura yake huna. Ukasema ukimwombea unaona kiti kitupu. Maneno yale yalinichoma, Bora. Nilimsomea baba, akauliza kama kweli umesahau hata pua yake, maana ulikuwa hulali bila kuishika. Nikamwambia ulikuwa na miaka miwili, angetaka ukumbuke nini! Mama alikupeleka Uvira kwa mama mdogo ili uachishwe ziwa, kama batoto ba kwetu banavyopelekwa kwa ndugu basisikie harufu ya mama yabo. Ilikuwa iwe juma moja. Katika juma lile lile vita ya 1996 ikakata barabara. Sisi tukakimbilia ziwani, mfuko wa foto ukaanguka majini, mama tukamzika Kigoma, na we ukabaki huko. Hakuna aliyekuacha, mdogo wangu. Nakuandikia hili kwa sababu baba alitaka liandikwe.

Foto ya baba iliyokuwepo hapa ni ile ya karatasi ya kambi tu, ndogo kama ukucha, nusu ya kichwa imekatwa. Nikasema haina shida, si niko na aparei ya kupigia foto? Unakumbuka nilikuambia juu ya ile aparei kubwa nyeusi ya nimerike, ile isiyotumia filme, ambayo mgeni mmoja wa kanisa aliniachia baada ya mi kumtafsiria mwezi mzima. Toka siku ile kambi nzima inaniita Foto. Harusi, ubatizo, kwaya, bamama banaotaka kutuma sura zabo Australia, bote banakuja kwangu. Nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa fundi wa jua tu. Bantu bakisimama inje saa sita ya mchana, hata mbuzi akikanyaga kile kidude foto itatoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwa simu tulikuwa tunakuficha. Baba alikuwa anatetemeka. Lilianza kwa mkono wa kuume, ule wa kuongozea kwaya, likapanda begani, mwishowe kichwa na kidevu. Mkono ukamshinda, akaacha kwaya. Unajua bantu betu. Badala ya kumpa pole bakaanza kunong'ona kwamba amelishwa karuho, ile sumu ya polepole, na mtu wa karuho hakuna anayetaka kunywa maji kikombe kimoja naye. Hata bale aliobafundisha kuimba bakawa banapita njia ya nyuma. Baba akajifungia ndani. Inje alitoka kwenda chooni tu, tena akichungulia kwanza.

Na nyumba zetu za huku ni giza, Bora. Matofali ya udongo, na dirisha moja upana wake kama sahani. Nikamkalisha baba hapo kwenye dirisha, nikampiga foto. Akatoka na pua mbili. Nikampiga tena, akatoka bila kidevu. Nikageuza zile namba ili aparei ione gizani, ikaona, lakini uso wote ukajaa chenga kama nimemmwagia mchanga. Nilifuta, nikapiga, nikafuta, mpaka batri ikafa. Nikaenda kuichaji kwa Bucumi, jirani yetu Mrundi mwenye sola, nikarudi, mambo ni yale yale.

Nikawaza basi niwashe flashi. Hapo nilifanya upumbavu, kwa sababu sikumwonya. Ile taa ilipopiga ndani ya nyumba, baba alijitupa chini na kufunika kichwa, akaniamuru nami nilale upesi, bado banapiga risasi. Miaka kumi na saba, Bora! Nililala. Tulilala pale kwenye udongo sote wawili, mi nimemshika mgongo, mpaka akakumbuka kwamba tuko Malawi. Aliona haya sana. Flashi sikuiwasha tena.

Unanijua sikujaliwa uvumilivu. Niliitukana aparei ile kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Chichewa. Siku moja ukali ukaniponyoka mpaka kwa baba, nikamwambia kwa sauti akae basi, dakika moja tu akae tuli. Akanijibu polepole kwamba yeye amekaa, ni mwili njo hautaki kukaa. Nilitoka inje nikaosha uso.

Nikasema aparei imeharibika. Nikapanda minibasi mpaka Lilongwe, Area 25, kwa Amanda Nibigira. Huyu ni dada wa Burundi aliyekulia hapa hapa kambini, leo iko na studio yake karibu na soko. Aliigeuza huku na huku, akapiga foto ya mlango, ya kuku, ya mi mwenyewe nikiwa nimekunja uso, zote zikatoka safi. Akaniambia aparei ni nzima kabisa. Akanielezea kwamba ndani mwa giza inabidi ifumbue jicho kwa muda ili ikusanye mwanga, na kila kinachosogea katika muda ule inakipaka. Mi nikabisha. Nikamwambia kitu cha bei kali namna hii kitashindwaje na mzee mmoja? Akacheka mpaka akashika mlango, akasema hata ingekuwa ya rais ingeshindwa. Akanishauri nimtoe mzee kwenye mwanga mkubwa, nifanye jicho lifumbue na kufumba haraka, basi. Hata zile namba alinitengea yeye mwenyewe.

Kumtoa baba inje ikawa vita nyingine. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwambia mtoto wako anaombea kiti kitupu. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, iwe Jumapili wakati bantu bote bako kanisani, na iwe nyuma ya nyumba. Asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito, nikawa naangalia juu kama mkulima. Baadaye jua likatoka. Baba alikuwa amevaa shati la bluu la kwaya, amejipaka mafuta, amenyoa. Nikamwekea kiti mbele ya ukuta. Alitetemeka vibaya sana mwanzoni kwa sababu ya woga, akawa anauliza kila mara kama hakuna mtu anayepita.

Kisha kwaya ikaanza huko kanisani. Wimbo ulikuwa ule aliobafundisha yeye. Sauti ya nne ikachelewa kuingia, kama kawaida yabo, na baba akashtuka, akauinua mkono wa kuume kubaingiza, akaanza kuongoza pale kwenye kiti. Alisahau kama anatetemeka, alisahau hata mi niko pale. Alikuwa anacheka peke yake, anabagombeza, anasema bavivu bale, bavivu bale. Mi nikafinya kile kidude, nikafinya, nikafinya. Nilitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya aparei, kila kitu safi. Nikapiga kelele ya furaha! Baba alitazama naye, akasema mzee huyu anafanana na baba yake, na kwamba sasa Bora ataona amezaliwa na mtu, hakuzaliwa na simu.

Jumanne nikaenda kwa Amanda kuichapisha kubwa. Aliifungua kwenye ordinateri, ile kompyuta yake, akaikuza, akaniita nisogee nione. Ukuta ulikuwa safi, Bora. Matofali yote yalionekana, hata vipande vya majani ndani ya udongo. Baba mbele yake alikuwa ukungu. Alipoinama kubaingiza sauti ya nne, aparei ilichagua ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa umetulia na mi niliiacha ichague yenyewe pa kukazia jicho. Zote zilikuwa hivyo. Kile kioo kidogo kinadanganya, Amanda akasema, kila kitu kidogo kinaonekana safi. Alinichapishia moja hivyo hivyo, bila kunidai kitu. Nilikaa sokoni na bahasha magotini mpaka minibasi mbili zikanipita.

Nilimweleza baba ukweli. Nilidhani atavunjika moyo, lakini hapana, alikuwa amekwisha onja inje. Akasema tutarudia Jumapili ijayo, na kwamba safari hii tusimpe kiti, atasimama. Alifua shati mwenyewe, nikaona likining'inia kwenye kamba, mikono imefungwa kwa vibanio ili isikunjamane.

Bora, mdogo wangu, sasa ukae chini kama umesimama.

Ile Jumapili haikumkuta. Alhamisi homa ilimpanda, malaria, wakati huu wa mvua imejaa kila nyumba. Ijumaa jioni hakunitambua tena. Jumamosi asubuhi, tarehe tisa ya mwezi huu, baba yetu Wilondja alituacha. Mi nilikuwa nimemshika mkono wa kuume, na mkono ule ulitulia kabla ya pumzi kukatika, nikafurahi kwa upumbavu, nikadhani dawa inafanya kazi. Pole, Bora. Pole sana, mtoto wa baba. Nalia nikiandika, usijali alama hizi kwenye karatasi.

Alizikwa kwa heshima. Kwaya nzima ilikuja, na bale ba karuho balikuja pia, banalia kuliko sisi. Unajua desturi yetu, kabla ya kufunga sanduku familia inasimama kando na foto inapigwa, ili bale balio mbali baone kwa macho yabo, mtu asiseme kesho alidanganywa. Balipofika hapo bote bakanigeukia mi. Nani mwingine? Njo mi Foto wa kambi. Balitoa sanduku inje, ilikuwa karibu saa sita, jua kali. Nikaikamata aparei. Safari hii mi njo nilikuwa natetemeka. Yeye hakutetemeka hata kidogo. Imetoka safi kuliko foto zote nilizopiga toka nizaliwe. Pua yake, mvi za kidevu, ile alama ndogo juu ya jicho ambayo nawe unayo, vyote viko pale. Naichukia foto hiyo.

Bazee ba ukoo hapa balinishauri nikutumie hiyo na nikuambie kwamba baba alikuwa amesinzia, ufurahi kwanza, ukweli uje baadaye kidogo kidogo. Nimekataa. Umeishi na baba wa simu, sitakupa tena baba wa uongo.

Kwa hiyo barua hii haikupita posta. Aliyekuletea, mchungaji Raphaël, alisimama nasi kaburini, na nimemwomba asiondoke nyumbani mwenu mpaka umalize kusoma. Hivi sasa yuko karibu nawe. Ndani ya mkoba wake kuna bahasha iliyofungwa, mna ile foto ya sanduku, ya saa sita. Ukiitaka leo atakupa, ukiitaka mwaka kesho nitaituma, usipoitaka kabisa hakuna atakayekuuliza. Mtu asikuamulie, hata mama mdogo.

Hii niliyoikunjia ndani ya barua ni ile ya ukuta. Najua uliomba sura, na sura humo haionekani vizuri. Nilitaka sana kukupa sura, nikashindwa, na sina la kujitetea. Lakini mkono ule ulioinuka ni wake, yuko hai, yuko inje, anacheka, na anabagombeza sauti ya nne.

Umsalimie sana mama mdogo, umwambie alie lakini asiache kula. Usalimie majirani, na usali kwa ajili yetu kama sisi tunavyosali ili Mungu anyamazishe bunduki za huko. Siku ya kumaliza matanga bazee balinikalisha kwenye kiti cha baba na kunikabidhi jina lake. Kwa hiyo kijana yeyote atakayekuja kwa mama mdogo kukuposa, umwambie ajitume kwanza Malawi kwa baba yako, na baba yako ni mkali.

Ni mi kaka yako,
Josué, ambaye sasa njo Wilondja.